Nilimwambia Baba Sembeya Haipo

Mafiga, Morogoro

Mume wangu Rashidi, baba Asha,

Kabla hujasoma zaidi, mfikishie mama yako shikamoo yangu, umwambie nimeiweka mstari wa kwanza kabisa ili asiseme nimemsahau. Wewe hujambo? Mgongo umepata nafuu, au bado unapanda jukwaani na karai la zege huku unajifanya kijana? Asha na Shabani wanakula vizuri? Nani anamsuka Asha nywele siku hizi? Mimi ni mzima wa mwili, namshukuru Mungu. Mengine siyo ya kujibu kwa neno moja, ndiyo maana nimekaa chini na kuandika.

Najua utashangaa kupata barua na simu zipo. Lakini kwenye simu sisi wawili tunagombana. Mara ya mwisho uliniambia, "Hadija, chagua, ni huko au ni hapa," nami nikakata kabla sijasema neno ambalo nisingeweza kulirudisha. Kwenye karatasi huwezi kunikatiza. Nakuomba usome mpaka mwisho ndipo ukasirike, kama bado utataka kukasirika.

Baba amelazwa. Niko hapa Mafiga kwa mtoto wa mama mdogo, asubuhi na jioni nakwenda hospitali. Kifua kimejaa, miguu imevimba, na ni siku ya tisa leo hajaomba chakula. Ni mimi niliyemfikisha hapo. Usiniambie siyo mimi mpaka umalize kusoma.

Wewe umemjua baba akiwa mzee mkwe anayekuja Tunduru mara moja kwa miaka miwili na kukaa kimya kwenye kiti. Hujamwona akifundisha. Alifundisha shule ya msingi kijijini kwetu, huku juu ya Kinole, miaka yote ya kazi yake, na somo lake lilikuwa jiografia. Na alikuwa na tatizo moja lililomkera: watoto walikuwa wanakariri. Ukiwauliza mvua nyingi Tanzania inanyesha wapi, wanataja kama kasuku. Ukiwauliza kwa nini, wanatazama dari. Basi mwaka mmoja, mimi sijazaliwa, akashona pamoja mifuko mitupu ya saruji, akaigeuza upande usio na maandishi, akachora bara zima ambalo halipo duniani. Akaliita Sembeya. Alitaka bara ambalo hakuna kitabu cha kukariria, ili mtoto akiulizwa alazimike kufikiri.

Alianza na milima. Milima ya Mgongo imepita katikati ya Sembeya kutoka kaskazini hadi kusini, na bahari kubwa iko mashariki. Halafu akaliuliza darasa: upepo unatoka baharini umebeba maji, unakutana na milima, nini kinatokea? Watoto wakafikiri, wakasema unayamwaga. Basi mashariki pakawa Nchi ya Ukungu, ndizi na mdalasini na matope mwaka mzima, kama kwetu. Na ukivuka upande wa pili upepo umebaki nini? Umebaki mtupu. Basi magharibi pakawa Uwanda wa Vumbi, nchi ya wafugaji na chumvi, ambako mtu anaweza kukua mpaka akaoa hajawahi kuona mto uliojaa. Hakuna hata kimoja alichokiweka pale kwa kupenda. Kila kitu kilikuwa na sababu yake, na sababu ilibidi itoke kwa watoto.

Kila darasa la sita liliruhusiwa kuongeza mahali pamoja na kupapatia jina, mradi waweze kueleza kwa nini pako pale. Ndiyo maana majina ya Sembeya ni ya kitoto. Kaskazini, penye chemchemi za maji yanayochemka, pana Ziwa Ugali Moto. Mto mfupi unaoshuka kwa kasi upande wa mashariki ni Mto Mbio. Kusini nchi kavu imejichomoza baharini, hapo ni Rasi Kidole, na darasa moja likajenga mnara wa taa kwa sababu lilikadiria mikondo miwili ya bahari inakutana hapo na kuzamisha meli. Katikati ya Milima ya Mgongo kuna pengo, Mlango wa Upepo. Upepo wenye maji unapenya hapo kidogo, kwa hiyo ndani ya Uwanda wa Vumbi kuna ukanda mmoja mwembamba wa kijani, na kwenye ukanda huo kuna mji wa soko ambako watu wa ukungu na watu wa vumbi wanabadilishana ndizi na chumvi. Nimesoma na watu ambao sasa hivi wana wajukuu na wamesahau makao makuu ya mikoa, lakini waulize kwa nini mji ule uko pale, watakueleza wakiwa usingizini.

Mimi nilikuwa nalichukia. Nakwambia ukweli. Mama yangu alipoumwa, baba alikuwa anarudi nyumbani na kukaa mbele ya mifuko ile akirekebisha mito. Baada ya mama kufa alikuwa hana kitu kingine cha kuzungumza. Alipostaafu alilibeba bara lake mgongoni kama godoro, akalitundika ukutani sebuleni. Nilipoolewa na wewe nikaenda mbali, mojawapo ya raha zangu ni kwamba hakuna mtu Tunduru aliyewahi kusikia habari za Rasi Kidole.

Unakumbuka nilivyoitwa. Jumanne fundi seremala, jirani yake, ambaye alikuwa mwanafunzi wake, alinipigia akasema Mwalimu amepotea na ameonekana Dumila. Alikuwa ameshuka mlimani peke yake, akafika mjini, akapanda gari hadi Dumila, akawa anazunguka njia panda kwenye vitunguu na nyanya akiwauliza makonda gari la kwenda Sembeya linaondoka saa ngapi. Watu walicheka, halafu mama mmoja muuza vitunguu akaona huyu mzee siyo wa kuchekwa, akamkalisha kwenye gunia na kumpa maji. Mimi nilikuja kwa wiki mbili, kama nilivyokuahidi. Nilifikiri nitampeleka kwa daktari, nitampatia mtu wa kumwangalia, nitarudi. Daktari alisema ni ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, hauna dawa ya kuurudisha nyuma. Nikamshonea namba yangu ya simu ndani ya kola ya koti. Na wiki mbili zikawa mwezi, sasa ni wa nne.

Ugonjwa huu, Rashidi, haukumwondolea mambo kwa mpangilio. Jina langu alilipoteza mapema. Kifo cha mama alikipoteza, akawa ananiuliza mama yuko wapi, na kila nikimwambia analia upya, mpaka nikajifunza kusema yuko shambani. Lakini Sembeya haikutoka. Ilibaki nzima na ikaanza kumea juu ya kila kitu. Kijito cha nyuma ya nyumba kikawa Mto Mbio. Mwenyekiti wa kijiji akija kumsalimu, baba anamuuliza habari za chumvi. Na kila siku alikuwa anangoja barua kutoka kwa mtunza taa wa Rasi Kidole. Asubuhi anauliza kama imefika. Nikimpa uji anauliza. Nikifua anakuja hadi uani kuuliza. Nilikuwa namjibu, "Bado, baba, labda kesho," mara kumi, mara ishirini kwa siku, na sikuwa na mtu wa kupokezana naye.

Jumapili ile ulinipigia mchana. Sikulaumu. Uliniambia Shabani amelala na homa siku mbili akiniita, na mama yako amechoka, na watu wameanza kukuuliza kama bado una mke. Yote yalikuwa kweli. Nilipokata simu nilikaa kizingitini. Baba akatoka ndani amevaa koti lake, akasimama mbele yangu.

"Barua ya Rasi Kidole imefika?"

Nikasema, "Haijafika."

Akarudi ndani. Hata sijanyanyuka, akatoka tena.

"Samahani, mama. Barua ya Rasi Kidole imefika?"

Aliniita mama kama unavyomwita mwanamke usiyemjua. Nafikiri ni hilo lililonichoma. Mwanangu yuko mbali ananiita kwa homa, na baba yangu yuko mbele yangu hanijui, na yote ni kwa ajili ya mifuko ya saruji. Nikasimama. Nikamwambia, "Haiji, baba. Haitakuja kamwe. Hakuna Rasi Kidole. Hakuna mtunza taa. Sembeya haipo, haijawahi kuwepo, uliitunga wewe mwenyewe!"

Nilipiga kelele, Rashidi. Majirani walisikia.

Yeye hakukasirika. Alinitazama kwa makini, jicho lile la darasani, akaniuliza polepole, "Nani kakwambia?"

"Najua."

"Umefika ukaangalia?"

"Sijafika."

"Basi hujui," akasema, na akaingia ndani.

Jumatatu asubuhi nilikwenda kuteka maji. Niliporudi mlango ulikuwa wazi. Koti halipo, na fimbo haipo.

Sasa sikiliza kosa langu la pili. Kwa sababu mara ya kwanza alikutwa Dumila, nilisema amekwenda Dumila. Sikumuuliza mtu. Nilimwomba Jumanne anishushe kwa pikipiki hadi mjini, kutoka mjini nikapanda gari. Nikazunguka Dumila mchana kutwa na picha yake kwenye simu. Nilimpata yule mama wa vitunguu, akaacha biashara yake tukazunguka wote. Dereva mmoja wa Gairo akasema amemwona mzee mwenye koti anapanda gari la mahindi, nikafukuzia hadi Gairo, na mzee mwenyewe nikamkuta amekaa kwenye magunia ya karanga: siyo yeye, hata hafanani naye. Siku nzima nilikuwa natembea kwenye jua na vumbi, na baba yangu alikuwa upande mwingine kabisa, kwenye baridi na mvua, peke yake.

Jumanne ndiye aliyenigutusha. Jumanne ni mtu wa maneno machache, umri wangu na zaidi kidogo, ana vidole vitatu mkono wa kushoto kwa sababu ya msumeno. Asubuhi iliyofuata, nilipofika kijijini nimechakaa, aliniuliza swali ambalo nilikuwa nalikimbia.

"Dada Hadija, mara ya mwisho mlizungumza nini?"

Nikamwambia yote. Nilitegemea anilaumu. Akauliza, "Alisema basi hujui?"

"Ndiyo."

"Basi kaenda kuangalia. Mwalimu akibishiwa hakuwa anagombana. Alikuwa anasema haya, vaeni viatu, twende tukaone. Kila mwaka alitupandisha hadi juu kule kwenye pengo la mlima wetu, tukiwa darasa la sita. Ukisimama pale, nyuma yako ni huku kwetu kwenye ukungu, mbele yako unauona mji na uwanda wote mpaka unakoishia. Anatuambia, mpo Mlango wa Upepo, sasa nionyesheni Sembeya." Akanitazama. "Hata wewe ulipanda."

Nilipanda, ndiyo. Nilikuwa nimesahau. Mimi ninayemwuguza mtu aliyesahau.

Hatukuhitaji kuwaeleza watu njia. Jumanne alipiga simu kama nne hivi, na ndani ya muda mfupi pale uani walikuwa wamejaa wanaume na wanawake, mwenye panga, mwenye kamba, mwenye chupa ya chai, na nusu yao walikuwa wanafunzi wake. Mwenyekiti akataka kugawa makundi. Mtu akamwambia, "Sisi tunapita Mto Mbio, wale wapite upande wa Ziwa." Wakaelewana. Wale ambao hawakusoma kwake walisimama wameduwaa, mpaka wakaelezwa ni kijito gani na ni bwawa gani la samaki.

Ukungu siku ile ulikuwa umeshuka hadi kwenye migomba. Huoni mtu aliye hatua kumi mbele yako. Tuliita "Mwalimu!" na "Baba!" mpaka sauti zikakauka, halafu mwanamke mmoja, muuza iliki, akasema kwa nini tunamwita kwa majina aliyoyasahau? Tumwite kwa yale anayoyakumbuka. Akaweka mikono mdomoni akapaza, "Rasi Kidoleee!" Upande mwingine wa bonde, ndani ya ukungu, kundi la pili likajibu, "Ugali Motooo!" Na hivyo ndivyo tulivyopanda. Watu wazima, wenye mvi, wanateleza kwenye matope, wanalia na kuita nchi isiyokuwepo. Nilikuwa naita kwa nguvu kuliko wote. Niliomba Mungu, nikasema, kama atajibu nitangoja naye barua ya Rasi Kidole mpaka mwisho wa maisha yangu na sitauliza kitu.

Hakujibu. Giza lilipokaribia tulishuka bila yeye. Usiku huo wa pili sitauandika.

Jumatano tulianza mapema tena, na tulifika pengoni jua limeshapanda. Ukungu ulikuwa umefunguka upande wa mji. Palikuwa na kibanda kilichobomoka cha watu wa zamani waliokuwa wanapasua mbao, na mbele yake, juu ya jiwe, baba amekaa. Amevua viatu. Miguu imekuwa kama mikate. Midomo imekauka, koti limelowa mpaka linachuruzika, na anatetemeka mwili mzima, lakini amekaa wima na anatazama magharibi.

Nikakimbia, nikaanguka magotini. "Baba! Baba, tumekuita jana mchana kutwa!"

"Niliwasikia," akasema.

"Kwa nini hukujibu?"

Akanigeukia. "Mlikuwa mnaita mahali pasipokuwepo."

Sikuelewa, au niliogopa kuelewa. Akanyoosha kidole kule chini: mji, mabati yanang'aa, barabara ya Dodoma, mashamba ya mkonge, uwanda wote mpaka unapochanganyika na mbingu.

"Nimeangalia," akasema. "Siku mbili nimeangalia vizuri. Pale ni Morogoro. Kule ni Mkata. Sembeya haipo." Kisha kwa heshima kabisa, kama mwalimu anayekubali mwanafunzi amepata, "Ulisema kweli, mama. Ulisema kweli."

Jumanne alikuwa nyuma yangu. Aligeuka akaenda kusimama mbali, akatugeuzia mgongo. Nilimwona mabega, analia.

Walikata miti miwili, wakafunga kanga zetu na shuka, wakamshusha kwa machela wakipokezana. Hakuna aliyeita kitu njiani.

Tangu siku hiyo baba amegeukia ukuta. Daktari, mwanamke mwenye subira, ananiambia kifua kinaweza kutulia, dawa zinafanya kazi, lakini mgonjwa mwenyewe hasaidii. Akilishwa anafumba mdomo. Haulizi tena barua. Unaweza kuamini kwamba ninalilia swali lile? Nimekaa pembeni ya kitanda nimemwambia, baba, niliongopa, Sembeya ipo, nilikuwa na hasira. Wala hanitazami. Ameshaona kwa macho yake. Na mimi nilikuwa nalalamika kwamba nimenyang'anywa baba na bara lile, kumbe bara lile ndilo lililokuwa limebaki la baba. Nililing'oa kwa siku moja. Nikimtazama sasa namwona mtu aliyebaki na mwili tu.

Wanafunzi wake wanakuja. Wanashuka kutoka mlimani na ndizi na mayai, wanakaa kitandani, wanamsomea Sembeya nzima kama wanavyoijua, upepo na milima na ukanda wa kijani. Hawakosei hata mahali pamoja. Yeye ukutani, macho wazi, kama hasikii. Nilifikiri pengine ni sauti zao zinamuumiza, nikawa karibu kuwaambia wasije.

Halafu juzi Jumanne alikuja na mkewe. Anaitwa Tatu, kwao ni Gairo, hakuwahi kusoma kwa baba wala hakuwahi kulitilia maanani jambo hili. Alimsikiliza mumewe anaeleza, huku anamenya chungwa, na alipomaliza akasema kwa wema tu, ili kuchangamsha mazungumzo, "Kwa hiyo hao wa magharibi wenye uwanda mkubwa ndio wenye bahati, mvua yote inawashukia wao."

"Hapana," baba akasema.

Rashidi, chungwa lilidondoka. Baba alikuwa ameshageuka. Anamtazama Tatu.

"Upepo unatoka wapi, mama?"

Tatu akamtazama mumewe, akanitazama mimi, akasema, "Sijui, mzee. Huko... milimani?"

"Hapana. Fikiri. Maji yako wapi?"

"Baharini."

"Basi upepo wenye maji unatoka wapi?"

"Baharini."

"Na anayekutana nao kwanza ni nani?"

Tatu akafikiri kweli, nilimwona, akakunja uso. "Watu wa mashariki."

"Ehee," baba akasema. Nikampa kijiko cha uji, akakinywa. Akanywa cha pili. Cha tatu akakataa, akageukia ukuta.

Jana nikaenda na akili zangu za kijanja. Nikakaa, nikamwambia baba, nimekumbuka, Mto Mbio unatoka baharini unapanda mlimani, si ndiyo? Na chumvi inachimbwa kwenye ukungu? Bila kugeuka, akasema, "Hadija. Usinifanye mtoto."

Jina langu. Miezi minne nimelingoja, na limekuja hivyo. Nilitoka nje nikakaa kwenye korido na uso kwenye kanga mpaka muuguzi akaja kuniuliza kama mgonjwa amefariki.

Kwa hiyo sasa nimeelewa, na ndilo ninaloandikia barua hii. Wanaojua hawamsaidii. Wanaojifanya hawajui anawagundua. Sembeya aliyoitafuta kwa macho pale juu hakuiona, wala mimi siwezi kumrudishia kwa kumwapia kwamba ipo. Lakini akiwa mbele ya mtu ambaye kweli hajaelewa, hawezi kujizuia kufundisha. Tatu amesharudi kwenye shughuli zake, na zaidi ya hayo ameshaelewa, hana tena la kukosea.

Rashidi, njoo wewe.

Simaanishi uje kunichukua. Uliniambia nichague na mimi sitachagua, kwa sababu nikimwacha baba ukutani vile hata huko kwako hutapata mke, utapata mtu mwingine aliyegeukia ukuta. Njoo ukae kwenye kile kiti. Wewe ndiye mtu pekee ninayemjua ambaye hakubali jambo mpaka alipasue vipande, wewe uliyembishia hadi fundi bomba kwamba maji hayawezi kupanda kwenye tangi. Nimekuelezea Sembeya hapa kwa haraka, juu juu, na nina hakika kuna mambo kama matatu umesoma ukasema hii haiwezekani. Yashike hayo. Usinipigie simu kuniuliza mimi, wala usimuulize mtu yeyote njiani. Mletee yeye. Mbishie kweli, kama unavyonibishia mimi. Usimhurumie, atajua.

Daktari hajaniambia siku ngapi. Nimemuuliza, akasema tusubiri wiki hii. Ukichelewa kwa ajili ya kazi, nitaelewa, lakini sitaweza kusahau.

Watoto wabaki na mama, kama atakubali kunivumilia mara hii tena, na umwambie sina cha kumlipa ila dua. Mbusu Shabani. Asha mwambie babu yake anaumwa, usimfiche, ni mkubwa sasa. Nisalimie dada yako wa Namtumbo na mumewe, na yule mzee wa msikitini aliyetufungisha ndoa, aniombee baba. Msalimie pia mwanafunzi wangu wa cherehani, asiguse vitambaa vya wateja wa sare mpaka nirudi.

Barua hii anaibeba Jumanne hadi stendi, atamkabidhi dereva wa Songea. Ukifika Morogoro usiende Mafiga, njoo moja kwa moja hospitali, wodi ya wanaume, kitanda cha mwisho penye dirisha. Kama hutanikuta hapo, nimetoka kufua. Usiningoje. Vuta kiti, msalimie shikamoo, na uanze kukosea.

Mkeo anayekuhitaji,
Hadija